Kama jamii ndiyo iliyoniunda, changu mwenyewe ni kipi? Naomba ushauri kwa waliosoma sosholojia

Mgeni wa Darasa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimeanza kusoma sosholojia mwaka huu. Sikuiomba, ndiyo nafasi iliyokuwa imebaki, ila taratibu imeanza kunikolea. Sasa tumepewa insha: "Jadili jinsi jamii inavyomuunda mtu binafsi." Kila nikikaa kuiandika nakwama.

Dhana zenyewe zinaniingiliana. Kaida, tunu, hadhi, dhima, taasisi: nikifika ya nne, ya kwanza imeshanitoka. Halafu kibaya zaidi, mimi mwenyewe siamini. Dini nimeikuta nyumbani, sawa, lakini marafiki nimewachagua mwenyewe, muziki ninaoupenda hakuna aliyenilazimisha, na nina misimamo ambayo ukoo mzima unaipinga. Nikimsoma Durkheim, yule Mfaransa mwanasosholojia, najiona sina hiari hata ya kupiga chafya.

Na kuna kaka yangu, ambaye ndiye anayenilipia ada. Anasema somo hili ni visingizio vya walioshindwa maisha. Sina jibu la kumpa.

Nianzie wapi, na nitaandikaje kitu nisichokiamini? Waliosoma zamani na wasiosoma, wote karibuni. Nawasilisha.

Kipanga

Aya ya kwanza umesema kozi ndiyo nafasi iliyobaki. Aya ya pili umejitangaza mtu huru. Insha imeshajiandika hiyo mkuu.

Bi Maktaba

Mdogo wangu, Kipanga ana utani wake lakini kagusa penyewe. Tuanze na kaka, maana ukimjibu yeye nusu ya insha imeisha.

Mwaka 1959 mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills alitenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku: shida za mtu binafsi na masuala ya umma. Mfano wake ni wa ajira. Katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja tu akikosa kazi, mwangalie yeye: tabia yake, ujuzi wake, nafasi alizonazo. Lakini taifa lenye waajiriwa milioni 50 likiwa na milioni 15 wasio na kazi, huwezi kuwapitia mmoja mmoja ukiuliza nani mvivu. Uvivu hauwapati watu milioni 15 kwa mpigo. Hapo lazima uangalie nafasi zenyewe zimekwenda wapi.

Kaka yako anatazama mji wa kwanza, mwalimu wako anataka utazame taifa la pili. Wala hakuna anayekukataza kurudi mji wa kwanza.

Na Durkheim umemsoma vibaya, kama tulivyomsoma wengi. Mwaka 1897 alichukua jambo linaloonekana la siri kuliko yote, mtu kujiua, akaonyesha kwamba viwango vyake katika nchi hubadilika kidogo tu mwaka hadi mwaka, na vinatofautiana kwa makundi: Waprotestanti juu ya Wakatoliki, wasio na ndoa juu ya walio nayo. Akasema tofauti hiyo inatokana na jinsi kundi linavyomshika mtu wake na kumwekea mipaka. Sasa angalia vizuri: anaeleza *kiwango*. Hajasema Fulani atafanya nini kesho asubuhi. Hiari yako ya kupiga chafya iko salama.

Ukimtumia, mwambie msahihishaji pia kwamba wakosoaji wa baadaye walizihoji takwimu zile, kwa kuwa zilitegemea afisa aliyeamua aandike nini kama sababu ya kifo, na afisa naye ana jamii yake.

Mwalimu Mstaafu

Bi Maktaba amemaliza upande wake, mimi nishike hizo dhana. Usizikariri kama orodha, chukua mtu mmoja uzipitishe zote kwake. Tumchukue mwalimu.

"Mwalimu" ni hadhi, yaani nafasi aliyoikalia katika jamii. Ralph Linton mwaka 1936 alizigawa hadhi mara mbili: za kupewa, kama kuzaliwa mwanamke au kifungua mimba, na za kuzipata kwa juhudi, kama huo ualimu. Dhima ni yale anayotarajiwa kuyatenda akiwa kwenye nafasi hiyo. Robert Merton, mwanasosholojia Mmarekani, akaongeza mwaka 1957 kwamba hadhi moja huja na dhima kadhaa kwa pamoja: mwalimu ana namna yake mbele ya mwanafunzi, nyingine mbele ya mzazi, nyingine kwa mkuu wa shule. Mtoto wake akiingia darasani kwake, ubaba na ualimu vinagongana. Huo ndio mgongano wa dhima, na kwenye mtihani haukosekani.

Tunu ni kile jamii inachokiona chema, tuseme elimu, au haki. Kaida ni kanuni ya mwenendo inayotokana na tunu hizo: usiibie kwenye mtihani. Taasisi hapa si jengo. Ni mpangilio uliozoeleka wa kukidhi haja fulani ya watu, kama familia, elimu, dini, sheria.

Kaida zina ugumu mmoja: zikifanya kazi vizuri huzioni. Harold Garfinkel aliwatuma wanafunzi wake nyumbani kwao wakaishi kwa muda mfupi kama wapangaji: heshima ya kupita kiasi, kuzungumza pale tu wanaposemeshwa, hakuna mazoea. Hawakutukana mtu, walikuwa na adabu kuliko siku zote. Familia zikachachamaa. Unaumwa? Umekasirika? Una kichaa? Hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba ni marufuku kumheshimu mama yako kupita kiasi, lakini kaida ipo, na hasira ya watu ndiyo inayoionyesha.

Fundi Mitambo

Mimi sijasoma haya mambo, ila mleta uzi katukaribisha wote. Naona mnamzungusha kijana.

Watoto wawili, baba mmoja mama mmoja, nyumba moja, shule moja. Mmoja mlevi, mwingine daktari. Jamii ipi iliyowaunda? Mitambo yangu nikiilisha kitu kilekile inatoa kitu kilekile, isipofanya hivyo najua imeharibika.

Tena nilishawahi kusoma lile jaribio la Asch, la mistari. Watu wanaonyeshwa mstari, wanaulizwa upi kati ya mitatu unalingana nao. Jibu liko wazi kabisa, ila mshiriki halisi ni mmoja tu, na wenzake waliopangwa na mtafiti wanataja kwa makusudi mstari usio sahihi. Kila mtu hulisimulia kuthibitisha kwamba binadamu ni mfuata mkumbo. Lakini majibu yaliyofuata mkumbo yalikuwa kama theluthi tu. Theluthi mbili walisema wanachokiona! Mbona hizo hamzihesabu?

Dada wa Takwimu

Fundi, hoja nzuri, na wanafunzi wengi hawaioni. Wacha niiweke sawa kidogo.

Katika majaribio ya Solomon Asch ya miaka ya 1950, karibu 37% ya majibu kwenye raundi za mtego, yaani zile ambazo wenzake walidanganya, yalifuata kundi. Hiyo ni asilimia ya majibu, si ya watu. Kwa watu, kama robo tatu waliyumba angalau mara moja, na robo hivi hawakuyumba hata mara moja. Watu waliojibu wakiwa peke yao walikosea chini ya mara 1 katika 100. Kwa hiyo kundi lina nguvu kubwa, na nguvu hiyo ina kikomo. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Ila sehemu ninayoipenda ni hii: Asch alipomwekea mshiriki mwenzake mmoja anayesema ukweli, mmoja tu, makosa yakaporomoka hadi kama 5 au 6 katika kila 100. Mistari ileile, swali lilelile. Mleta uzi anasema ana misimamo inayopingwa na ukoo mzima. Nina swali kwake, ajibu au asijibu ni hiari yake: msimamo huo ulianza kuusema kwa sauti kabla au baada ya kukutana na mtu mwingine anayeushika?

Kuhusu watoto wawili wa nyumba moja: si nyumba moja, Fundi. Mmoja alizaliwa wazazi wakiwa wageni katika malezi, mwingine akakuta kaka mbele yake. Marafiki tofauti, walimu tofauti, pengine na hali ya fedha tofauti. Tena sosholojia haijasema kwamba damu na bahati havina kazi.

Kipanga

Mleta uzi kaulizwa swali, kimya. Jamvi limegeuka chumba cha mahojiano.

Mgeni wa Darasa (mleta uzi)

Nipo, nilikuwa naandika. Dada, jibu ni baada. Kuna rafiki. Sitaki kuliongelea zaidi ya hapo 😅

Nimejaribu aya ya kwanza, naomba mnikosoe:

"Mtoto huzaliwa hajui lolote. Jamii humfundisha kaida na tunu kupitia familia, shule, dini na vyombo vya habari, naye huzipokea. Utaratibu huu huitwa ujamiishaji. Hivyo mtu ni zao la jamii yake."

Bi Maktaba

Sarufi safi, hoja imelala. Tatizo liko kwenye "naye huzipokea". Mtoto si ndoo.

Charles Cooley mwaka 1902 alisema tunajijua kwa kupitia wengine, kwa hatua tatu: nawaza wananionaje, nawaza wananihukumu vipi, kisha nahisi fahari au aibu. Mwenye kuwaza hapo ni nani? Ni mtoto mwenyewe, na anaweza kuwaza visivyo kabisa. George Herbert Mead akaenda mbele zaidi kwa kuangalia michezo. Mtoto mdogo hucheza kuwa mama, kisha kuwa daktari, dhima moja baada ya nyingine. Akikua anaingia kwenye mchezo wenye timu na sheria, na hapo lazima ashike kichwani nafasi za wachezaji wote kwa pamoja ndipo ajue yeye afanye nini. Ndivyo anavyojifunza kujitazama kwa jicho la jamii nzima. Lakini Mead aliacha ndani ya nafsi sehemu inayoitikia, isiyotabirika, ambayo hata mwenyewe huitambua baada ya kutenda. Hapo ndipo penye kile "changu mwenyewe" ulichokiuliza kwenye kichwa cha uzi. Sijui kwa nini walimu hulipitia jambo hili haraka.

Kosa la pili: umeandika "jamii" kana kwamba ina sauti moja. Familia inasema hili, marafiki wanasema lile, shule inasema la tatu. Wakipingana, ni wewe wa kuamua. Uhuru mwingi tulionao unapita kwenye nyufa hizo.

Mwalimu Mstaafu

Naongezea: onyesha na njia ya kurudi, mtu kuiunda jamii. Merton mwaka 1948 alieleza benki iliyo imara kabisa. Unavuma uvumi kwamba inafilisika, wenye akiba wanakimbilia kutoa fedha zao, na benki inafilisika kweli. Ule uongo ukazaa ukweli. Hakuna aliyeamuru, kila mmoja aliamua kwa akili zake, na jumla ya maamuzi yao ikawa nguvu ambayo hakuna mmoja wao angeweza kuizuia.

Mwaka 1961 Dennis Wrong aliwaonya wanasosholojia wenzake kwamba wamemfanya binadamu awe wa kijamii kupita kiasi, kana kwamba ameziingiza kaida moyoni zote bila mabaki. Kwa hiyo huko kutoamini kwako, mleta uzi, ni msimamo halali ndani ya somo lenyewe. Uandike.

Msafiri wa Zamani

Mbona mnazunguka na walewale? Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiarabu, mwaka 1377 alishaeleza kwa nini kundi lenye mshikamano hulishinda kundi lililolegea, na jinsi raha ya utawala inavyoumaliza mshikamano huo kizazi baada ya kizazi. Aliuita asabiya. Na kwa ajili ya huyo kaka, mpeni W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi: mwaka 1899 alichapisha utafiti wa mtaa wa watu weusi Philadelphia, alioufanya nyumba kwa nyumba. Wengi wakati ule walisema umaskini na uhalifu wao umo kwenye damu. Yeye akaonyesha urithi wa utumwa, kazi walizofungiwa milango, na kodi za nyumba walizotozwa. Kama hivyo ni visingizio, basi na watetezi wa hoja ya damu walete ushahidi wao.

Mgeni wa Darasa (mleta uzi)

Nimemsomea kaka ya Mills na ya Du Bois. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo mwizi asifungwe, kwa kuwa jamii ndiyo iliyomfanya aibe?" Nimekwama tena.

Dada wa Takwimu

Hayo ni maswali mawili. Mahakama inauliza nani aliiba. Wewe unauliza kwa nini wizi umepanda hapa na kushuka pale, ilhali watu wa tamaa wapo kote. Jibu la pili halimtoi mtu gerezani. Linakwambia tu kwamba ukimfunga huyu bila kugusa kinachozalisha wizi, mwakani utafunga mwingine.

Fundi Mitambo

Bado naona kaka ana hoja. Mkishaeleza kila kitu, lawama inakosa pa kukaa. Ila nakubali kwamba hata mimi mtambo ukiunguza mota tatu mfululizo siilaumu mota, naangalia umeme unaoingia.

Mgeni wa Darasa (mleta uzi)

Aya ya kwanza nimeifuta. Naanza na mistari ya Asch, halafu Mead, kisha benki ya Merton. Durkheim nampa ukurasa mmoja.

Fundi Mitambo

Usisahau ile robo ambayo haikuyumba. Mwalimu wako akikuuliza imetoka wapi, njoo utuambie alijibu nini.