Amavis na SpamAssassin: barua taka zinapita na alama -1.9, kushusha kiwango hakusaidii

nguzo

Habari wakuu. Seva ni Debian yenye Postfix (inayopokea na kutuma barua), Dovecot (inayowapa watumiaji vikasha vyao) na Amavis, inayokagua barua kwa SpamAssassin, kichujio kinachozipa alama za taka. Barua taka za wazi kabisa, za mikopo na za dawa, zinaingia kwenye kikasha bila kuguswa. required_score (alama ambayo barua ikiifikia huhesabiwa taka) kwenye local.cf, faili la mipangilio la SpamAssassin, imeshushwa kutoka 5 hadi 3 na spamd, huduma yake, ikawashwa upya, lakini hakuna kilichobadilika. Kila usiku root (msimamizi wa mfumo) anaendesha sa-learn, amri ya kuifundisha SpamAssassin, juu ya folda ya Junk. Kichwa cha barua mojawapo ni hiki:

`X-Spam-Status: No, score=-1.9 tagged_above=-999 required=6.31 tests=[BAYES_00=-1.9, HTML_MESSAGE=0.001, URIBL_BLOCKED=0.001] autolearn=ham autolearn_force=no`

Nishushe kiwango zaidi, au niandike kanuni zangu za maneno?

kitasa

Usifanye lolote kati ya hayo kwanza, mkuu. Majibu yote yamo kwenye kichwa hicho.

Anza na required=6.31. Amavis haiangalii required_score ya local.cf, inatumia `$sa_tag2_level_deflt` yake yenyewe, na 6.31 ndiyo inayokuja na kifurushi cha Debian. Ukitaka kuibadilisha, iweke kwenye /etc/amavis/conf.d/50-user. Tena Amavis inapakia SpamAssassin ndani ya mchakato wake, spamd haimo njiani kabisa. Ukigusa local.cf au sa-update ikileta kanuni mpya, cha kuwasha upya ni amavis. Ila hata ukiweka 3, barua yenye -1.9 itapita tu.

Ugonjwa mkubwa ni URIBL_BLOCKED. Maana yake URIBL, orodha ya viungo vya taka inayoulizwa kupitia DNS, imekataa kujibu maswali ya seva yako. Kwa kawaida ni kwa sababu yanapitia DNS ya umma kama 8.8.8.8 au 1.1.1.1, au ya mtoa huduma, yakichanganyika na ya watu wengine wengi hadi kuvuka kiwango cha bure. Spamhaus, wenye orodha za anwani za IP za watuma taka, nao wanazuia vivyo hivyo. Vipimo vya viungo na vya anwani za IP ndivyo vinavyokamata taka mpya, na kwako vyote vimekaa kimya. Weka unbound, programu ya DNS, kwenye seva hiyo hiyo, usiipe forward-zone yoyote (isipeleke maswali kwa DNS nyingine), elekeza /etc/resolv.conf kwa 127.0.0.1, kisha pima:

`dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org`

Inatakiwa irudishe 127.0.0.2, 127.0.0.4 na 127.0.0.10. Ukipata 127.255.255.254, maswali bado yanapita kwenye DNS ya umma. Chunga systemd-resolved: 127.0.0.53 inaonekana ni ya ndani, kumbe inasukuma maswali nje. Postfix nayo iwashe upya, kwa sababu ikiwa ndani ya chroot (imefungiwa kwenye folda yake) inasoma nakala iliyoko /var/spool/postfix/etc/resolv.conf, na nakala hiyo haibadiliki yenyewe.

posta_ya_ndani

Naongezea upande wa Bayes, sehemu ya SpamAssassin inayojifunza maneno ya taka na ya halali, maana BAYES_00 (yaani Bayes inaiona barua ni halali kabisa) kwenye taka ya mikopo si jambo la kuachwa. Una hifadhidata mbili. Root akiendesha sa-learn, mafunzo yanaenda /root/.spamassassin. Amavis inasoma ya mtumiaji amavis, /var/lib/amavis/.spamassassin, ambayo hujawahi kuifundisha kwa mkono hata barua moja. Linganisha nspam na nham (idadi ya taka na ya halali zilizofundishwa) za pande zote mbili:

`sa-learn --dump magic`
`sudo -u amavis -H sa-learn --dump magic`

Sasa tazama autolearn=ham. Ukiondoa Bayes, barua ile ilipata 0.002, chini ya kikomo cha 0.1 cha kujifunza barua halali. Kwa hiyo mfumo umeihesabu kuwa halali na kuyahifadhi maneno yake. DNS ilikwama, vipimo vikanyamaza, alama zikabaki karibu na sifuri, na kila taka iliyopita ikaifundisha Bayes uongo. Hifadhidata hiyo usijaribu kuirekebisha, ifute kwa `sudo -u amavis -H sa-learn --clear`, weka `bayes_auto_learn 0` kwenye local.cf, uwashe upya amavis, ndipo uifundishe kwa mkono.

Maildir (folda za barua) huwa ni mali ya mtumiaji vmail na haki zake 700, hivyo amavis haiwezi kuisoma. Nakili barua kwenye /var/tmp/mafunzo, mpe amavis umiliki, kisha tumia `--spam` na `--ham` ukiwa amavis. Bayes haitoi alama yoyote kabla ya kufikisha taka 200 na halali 200. Halali uchague za aina zote: risiti, majarida waliyojiandikisha watu, barua za kazi. Ukifundisha za aina moja tu, jarida la kawaida litaangukia kwenye Junk.

nguzo

Asanteni sana. dig sasa inarudisha zile tatu, na URIBL_BLOCKED haionekani tena. nspam ya amavis imefika 231, lakini nham ni 140, kwa hiyo BAYES haijatokea kwenye vichwa. Je, Zen (orodha ya Spamhaus niliyoipima kwa dig) niiweke pia kwenye Postfix, izuie kabla ya kufika Amavis?

kitasa

Iweke, inapunguza mzigo mno. Katika smtpd_recipient_restrictions, panga hivi:

`permit_mynetworks, permit_sasl_authenticated, reject_unauth_destination, reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]`

Mabano hayo usiyaache. Bila hayo, siku DNS ikirudi kwenye njia ya umma, Postfix itaichukua 127.255.255.254 kama ushahidi wa hatia na kukataa barua zote za dunia. Na mpangilio una maana: Zen ina sehemu ya PBL, inayoorodhesha anwani za mitandao ya nyumbani. permit_sasl_authenticated ikikaa chini ya reject_rbl_client, watumiaji wako mwenyewe watashindwa kutuma kupitia 587.

Kuhusu Bayes, ongeza barua halali 60 tu, kisha pitisha taka moja ya zamani:

`sudo -u amavis -H spamassassin -t < taka.eml`

Iendeshe ukiwa amavis, la sivyo utakuwa unapima hifadhidata ya root.