Nimechoka kuendesha testi ZOTE kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuna anaetaka kuugusa

Jamani madevelopa wa Unguja na Pemba, hivi na nyie huko kwenu mnateswa hivi au ni ofisini kwetu tu?

Sisi tuna mfumo wa tiketi za boti. Nimegusa sehemu moja, pale abiria anapochagua nauli ya mkaazi au ya mgeni, na testi zake (vijiprogramu vya kuhakiki kama mfumo unafanya kazi sawa) nimeshazitia tagi ya @nauli, nnataka hizo tu zipite nipeleke kazi. Nikaandika npm run testi -- --grep @nauli (npm ndio inayoendesha amri za mradi, na --grep ndio ya kuchuja testi kwa tagi), na vile vistari viwili vya katikati nimeviweka maana bila ya hivyo npm inaimeza grep yenyewe. Wapi! Zikaanza zote, usajili, kubadili nywila, ripoti za mawakala, na kila moja inarudiwa kwenye browser tatu, Chromium, Firefox na WebKit, laptopu inaunguruma mpaka umeme ukakatika na wai-fai ikenda nao, haya anza upya.

Nikafungua package.json, faili lenye amri za mradi. Mtu kaunga amri tatu kwenye mstari mmoja wa testi, hivi: npm run build && playwright test && node ripoti.js, yaani jenga mfumo, halafu Playwright iendeshe testi kwenye browser, halafu toa ripoti. Sasa npm ukiipa kitu baada ya vile vistari inakibandika MWISHO wa mstari, kwa hiyo tagi yangu inakwenda kwa ripoti.js ambayo haina habari nayo wala hailalamiki, na Playwright haijaambiwa kitu!

Nkamfata mkubwa wetu, nkamwambia bwana tuutenganishe huu, build tuiite pretesti, ripoti tuiite posttesti, npm itaziita yenyewe kabla na baada, pale kwenye testi ibaki Playwright peke yake na tagi zitafika. Kanijibu "iache, mbona inafanya kazi".

Inafanya kazi?? Watu washaacha kuendesha testi, wanapush tu kodi zao bila ya kuzihakiki. Mwengine katia test.only, ile ya kuiambia Playwright iendeshe testi hiyo tu, kwenye faili ili amalize haraka, kaisahau, ikaingia, siku nzima kijani tupu kumbe ilopita ni testi moja, na --forbid-only ya kuzuia hayo ipo, hakuna alieiweka. Halafu Bi mkubwa wa watu anakwenda zake Wete anafika bandarini Malindi, Unguja, anaambiwa alipe bei ya mgeni, nani atamjibu?

Nnachodai ni mistari mitatu ibadilishwe, basi. Alieweza kumkalisha chini mkubwa wake akakubali aniambie alimuonesha nini, maana kesho asubuhi narudi tena mlangoni kwake.