Gome la mkwinini wa Amani: nimchemshie baba kiasi gani?

MwanaMuheza: Shikamoni wakubwa. Baba ana homa tangu juzi. Shangazi kaleta magome ya mkwinini kutoka Amani, kule milima ya Usambara, anasema ndiyo yaliyotibu watu enzi za Mjerumani. Ni kweli? Nichemshe kiasi gani?

NesiMstaafu: Marahaba mwanangu. Usichemshe. Mpeleke mzee zahanati leo hii akapimwe, ndipo urudi usome yaliyobaki.

Shangazi hakudanganya. Asili ya mti huo ni milima ya Andes, Marekani ya Kusini, na Wajesuiti, mapadre wa Kikatoliki, ndio waliopeleka unga wa gome lake Ulaya karne ya 17. Mwaka 1820, wanakemia Pelletier na Caventou wa Paris wakatoa ndani yake kwinini, dawa ya malaria. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na mkwinini ukapandwa huko. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowafungia bahari, magome hayo yakawa dawa ya jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Walipokosa vidonge walikunywa maji ya gome lililochemshwa, machungu kama shubiri.

Tatizo ni kipimo. Gome la mti huu lina kwinini nyingi, la jirani yake kidogo. Ikipungua, vimelea vinabaki damuni. Ikizidi, masikio yanavuma, macho yanafifia, sukari inashuka, moyo unakwenda ovyo. Wodini tulikuwa tunatundika dripu ya kwinini kwa saa nne, ndani ya glukosi, na bado sikubanduka kitandani kwa mgonjwa. Aliletwa mama mmoja aliyekunywa vikombe vitatu vya magome. Namsemesha, ananitazama midomo tu, hasikii. Alipona, ila sura yake ninayo hadi leo.

WaBukavu: Jambo wote. Huku Kivu, Kongo, mkwinini ulipandwa wakati wa Wabelgiji. Baba alikuwa mbanduaji: gome linapigwa kwa gongo hadi liachie, linaanikwa, linapelekwa kiwandani. Yeye mwenyewe akiugua alimeza vidonge, gome hakuligusa.

MwanaMuheza: Tulipata bodaboda. Ni malaria, kaanzishiwa dawa ya mseto, jioni hii kala uji. Asante sana mama. Shangazi anauliza kama ile miti ya Mjerumani bado ipo.

NesiMstaafu: Alhamdulillahi. Ipo, imejiotea hadi msituni, na maua yake yananukia. Aende akaione, ila panga aliache nyumbani. Mti ukibanduliwa kuuzunguka hauponi, unakauka.