Gari ya Bibi 🚗: filta ya AC kabla ya Jumamosi

*Jumatano*

[19:42] Rukia: Assalaam alaykum nyote. Toyota Fielder ya Bibi AC haitoi upepo. Jumamosi tunampeleka Makunduchi arusini. Gereji wamenipa hesabu: filta 45,000, ufundi 30,000, kujaza gesi 60,000. Jumla 135,000. Sisi watano, kila mtu 27,000. Nazitaka kesho kabla ya adhuhuri.

[19:58] Rukia: Mmesoma?

[20:25] Rukia: Naona mnasoma na kunyamaza. Mwenye kupanda gari hii ajibu.

[20:31] Hamad Wete: Waalaykum salaam. Dada usilipe kitu kwanza. Upepo unatoka wa baridi au vuguvugu?

[20:32] Rukia: Baridi, lakini kidogo mno. Ukiweka namba 4 feni inavuma, usoni hakifiki kitu.

[20:36] Hamad Wete: Basi gesi imo. Gesi ikipungua upepo huja na nguvu zake zote ila vuguvugu. Ukiwa baridi na hauna nguvu, mara nyingi njia ya hewa imeziba, na cha kwanza kutazama ni filta. Hiyo 60,000 ifute.

[20:37] Hamad Wete: Na hiyo 30,000 ya ufundi pia. Filta ya AC ya Fielder haitaki hata spana. Dakika kumi.

[20:40] Saidi: Mimi najua kilichoziba. Ng'onda, wale samaki wakavu wa Ami Khamis wa Ramadhani, mmoja hajashuka mpaka leo 😂😂

[20:41] Saidi: Kajikunja kwenye feni anasikiliza redio 😂

[20:44] Rukia: Saidi tuache. Hamad endelea.

[20:52] Hamad Wete: Zima gari, utoe ufunguo. Fungua kidroo cha dashibodi upande wa abiria, kitoe vitu vyote. Pembeni pana kimkono kidogo kinachokizuia kisianguke, kichomoe taratibu, ni plastiki, ikikauka kwa jua inavunjika. Kisha bana kuta mbili za kidroo kwa ndani, kitashuka chote. Nyuma yake utaona kifuniko chembamba kimelala. Bana vishikio vyake, vuta. Filta imo hapo.

[20:54] Hamad Wete: Muhimu: itoe ikiwa imelala sawasawa, usiiinamishe. Feni iko chini yake. Taka zikimwagikia humo, kesho mtasikia karakara mkadhani feni imekufa.

[20:58] Hamad Wete: Mpya ikiwa imeandikwa UP, mshale utazame juu. Ikiwa imeandikwa AIR FLOW, mshale utazame chini, kwa sababu hewa inashuka kwenda kwenye feni. Watu wengi wanakosea hapo.

[21:15] Rukia: Saidi utaiweka wewe. Ile ya zamani tusiioshe tukairejesha?

[21:19] Hamad Wete: Hapana. Karatasi ikirowa mikunjo inalala, inabaki na unyevu na kunuka uvundo. Kuipiga upepo wa kompresa ni kusogeza siku tu, na ukikaza sana unaitoboa. Kitabu cha Toyota kinasema kilomita 30,000, penye vumbi jingi 15,000. Kwa njia anazopita Bibi, shika 15,000 au mwaka, chochote kitakachotangulia.

[21:20] Hamad Wete: Na mkiiacha hivyo hivyo, rezista ya feni, kile kidude cha kupunguza kasi yake, inaweza kuungua, maana inapozwa na upepo huo huo. Ikiungua feni inabaki namba 4 peke yake, 1 mpaka 3 zinakufa. Hapo ndo pesa zitatoka kweli.

*Alkhamisi*

[08:10] Rukia: Hakuna aliyeleta hata mia.

[12:47] Zulekha: Samahanini, ndo naziona sasa. Nimepita duka la spea karibu na Darajani. Ya karatasi 15,000, ya mkaa 25,000. Zina tofauti gani?

[12:55] Hamad Wete: Zote zinazuia vumbi. Ya mkaa inapunguza na harufu na moshi wa gari za mbele. Kwa kifua cha Bibi ningechukua ya mkaa. Namba yake ianze na 87139. Wakikupa inayoanza na 17801 hiyo ni eya klina ya injini, si yenyewe. Na mwende na ile ya zamani mkaipime: ikipwaya, vumbi linapita pembeni, mmetupa pesa.

[13:02] Rukia: Basi ya mkaa, 5,000 kila mtu. Nitumieni leo.

[13:30] Ami Khamis: Kabla hamjanitaka 5,000, hesabu ya betri iko wapi? Nilitoa 40,000 mwezi wa Rajab. Risiti sijaiona mpaka leo.

[13:34] Rukia: Ami, lile tulilizungumza mbele ya Bibi.

[13:35] Ami Khamis: Lilizungumzwa. Halikumalizwa.

[13:36] Saidi: Na ng'onda je 🐟

[13:36] Zulekha: Saidi, nyamaza wallahi.

[16:20] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:48)

[16:31] Zulekha: Kwa asiyeweza kusikiliza, Bibi anasema: "Rukia, karatasi ya betri itie hapa kila mtu aione. Khamis, ukishaiona usilirejee tena neno hilo. Na mimi kwenye gari ile sipandi na vioo wazi, vumbi la Fuoni linanibana kifua. Alosema Hamad ndo lifuatwe."

[16:33] Saidi: Sawa Bibi.

[16:40] Hamad Wete: Shikamoo Bibi. InshaAllah.

[17:05] Ami Khamis: Nimesikia.

[18:50] Rukia: Nimepokea 5,000 ya Hamad na 5,000 ya Zulekha. Risiti naitafuta, ilikuwa kwenye mkoba wa bluu.

[19:15] Hamad Wete: Jambo jingine. Gari inalala chini ya mwarobaini. Majani yanaingia chini ya kioo cha mbele, pale kwenye waipa, na hewa ya nje inaingilia hapo hapo. Saidi ayazoe kwanza, hayo mengine baadae. Na mkipita kwenye vumbi bonyezeni kitufe cha hewa ya ndani, nayo inazunguka kupitia filta hiyo hiyo.

*Ijumaa*

[10:52] Saidi: Niko dukani. Ile ya zamani ilikuwa nyeusi tititi, majani yamejaa mikunjoni. Ya mkaa iliyobaki ni moja, namba yake 87139 lakini fupi kuliko ya zamani upana wa kidole. Ya karatasi inalingana sawasawa. Nichukue ipi? Hapa nina 10,000 tu aliyonipa Rukia.

[10:58] Saidi: Hamad upo?

[11:09] Rukia: Hamad yuko kwenye boti anakuja, simu haishiki. Ami, tunakungoja wewe.

[11:14] Saidi: Mwenye duka anafunga saa sita aende Ijumaa.

[11:21] Ami Khamis: Risiti.