Tupeane uzoefu: wikendi ya mtu na mwenzake Kampala, nyinyi mlionaje?

Mwalimu_Busia
Habari za jioni, wakuu. Jana mpakani nimewaona vijana wawili, mtu na mkewe, wanabishana waanzie wapi wakifika Kampala. Bibi anataka msikiti wa Old Kampala, bwana anataka Lubiri, kasri la mfalme wa Buganda. Nikakumbuka tulivyokwenda mimi na mama watoto. Tulipanda mnara wa ule msikiti, ngazi zaidi ya 300 za kuzunguka. Katikati akashika ukuta akaniambia, "Baba Neema, wewe tangulia." Sikutangulia. Tulipanda polepole, na kule juu tukabaki kutazama tu: Namirembe na kanisa lake, Rubaga na minara yake, Kibuli ng'ambo kule, na chini kabisa teksi, yaani matatu, za paki ya zamani zimebanana kama dagaa kwenye beseni. Msikiti wenyewe ulianzwa enzi za Idi Amin, ukasimama gofu miaka mingi, ukaja kumaliziwa kwa fedha za Libya. Mji mzima ukiutazama kutoka pale unaelewa kwa nini watu huutaja kwa vilima vyake.

Waliokwenda na wenza wao, tupeane uzoefu. Mazuri na mabaya, yote leteni.

Bukoba_Kwetu
Shikamoo mwalimu. Sisi tunapitia mpaka wa Mutukula. Kwanza niwakumbushe Watanzania wenzangu: Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa vitambulisho vyao tangu 2014, wewe beba pasi au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya njano ya chanjo usiisahau.

Raha yetu ilianzia njiani. Lukaya gari likisimama, kuku wa kuchoma na gonja za moto zinaingia dirishani kabla hujauliza bei. Mbele kidogo ni Kayabwe, mstari wa ikweta. Tulikuwa na gari la shemeji, tukashuka. Kuna kijana ana mabeseni matatu. Anamimina maji, anaweka ua juu yake. Upande wa kaskazini ua linazunguka huku, upande wa kusini linazunguka kule, na pale mstarini linashuka limetulia. Mume wangu alirudia kuangalia mpaka nikamwambia giza litatukuta barabarani.

Fundi_Umeme
Dada Bukoba, yale maji ni mkono wa yule kijana. Mzunguko wa dunia unapindisha pepo na mikondo ya bahari, vitu vikubwa. Kwa beseni, tena hatua chache tu kutoka mstarini, nguvu hiyo ni ndogo mno. Anavyomimina ndivyo yanavyozunguka.

Bukoba_Kwetu
Kaka, nimeona kwa macho yangu.

Fundi_Umeme
Sikatai kwamba umeona. Ila mwambie siku nyingine amimine wewe mwenyewe umeshika jagi.

Bukoba_Kwetu
Sawa, lakini mstari ni mstari, na picha tunayo sebuleni.

Mama_Kitale
Niliposoma "msikiti wa Old Kampala" mwili ulinisisimka, kwa sababu yangu yalianzia kwenye geti la msikiti huo huo.

Tulikuwa tumemaliza kutembezwa. Wanawake pale tunafungwa kitambaa kiunoni na mtandio kichwani. Mimi nilikuwa narudisha vyao. Mume wangu akasema sasa twende Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda. Tukachukua bodaboda mbili, yeye mbele, mimi nyuma. Simu zote mbili zilikuwa kwenye begi lake, maana asubuhi ile kule paki tulimwona abiria akinyang'anywa simu dirishani mchana kweupe. Mimi nilibaki na pochi ndogo.

Tulikwenda vizuri mpaka Nakulabye. Foleni ilikuwa imeshika, boda zinapenya kila upande, halafu lori likaingia katikati yetu. Nikawa naifuata kwa macho fulana yake nyekundu. Mara nikaona fulana nyekundu nyingine. Mara sikuona kitu. Nikampiga dereva begani, nikamwambia mfuate yule! Akaitikia "kale nnyabo" akanyoosha tu. Akaja kunishusha mahali penye magunia ya mkaa, matoke yamelazwa chini, akina mama wamekaa chini ya miavuli. "Kasubi, tutuuse." Na kweli tulikuwa tumefika Kasubi, lakini Kasubi sokoni. Namwambia makaburi, makaburi ya mfalme, hanielewi. Alipokea hela yake akageuza pikipiki.

Mvua ikaanza hapo hapo, matone makubwa ya kuuma. Niliwauliza vijana wawili kwa Kiswahili, wakatazamana, wakaondoka. Ndipo mama mmoja muuza nakati, mboga za majani, akanivuta mkono, akaniingiza chini ya mwavuli wake, akageuza ndoo nikae. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui Luganda. Nikamwonyesha kwa ishara ya simu, akanipa yake. Namba ya mume wangu naijua kwa kichwa. Napiga, inatumika. Napiga tena, inatumika. Baadaye ndiyo nikajua alikuwa ananipigia mimi, simu yangu inalia ndani ya begi alilolibeba mgongoni, na alipogundua hivyo akaanza kuwapigia ndugu zake Kitale mmoja baada ya mwingine.

Nililia. Wala si kwa sababu ya mji. Nilimfikiria yeye anavyohangaika.

Yule mama alikwenda kwenye mvua akarudi na mzee mmoja, mlinzi wa duka, amevaa koti kubwa la mvua. Akanisimamia akauliza, "Mama, wewe natoka wapi? Nani nasumbua wewe?" Kiswahili cha kambini kabisa, na siku ile sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Nikamweleza. Akasema "hapana ogopa", akaita kijana wa steji anayemjua kwa jina, akamwambia "Masiro", yaani makaburi yale, akamwonya kwamba asipokee shilingi mpaka anikabidhi getini.

Pale getini nikaambiwa mwanaume wa fulana nyekundu amekuja na kuondoka, amekuja na kuondoka. Nikakaa. Aliporudi aliruka kabla boda haijasimama. Hakusema neno. Alinishika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote, na kwetu wanaume hawafanyi hivyo. Tuliingia kwenye ile nyumba kubwa tumelowa mpaka miguuni, viatu mkononi, na alinishika mkono muda wote mtembezaji alipokuwa anaeleza.

Nyota_ya_Ziwa
Pole sana dada. Nimesoma nimeshika kifua.

Kijana_Eldy
Hii ndiyo maana nasema mtu na mkewe wapande boda moja. Lori haliwezi kuingia katikati yenu.

Muuguzi_Mstaafu
Kijana, usiwashauri watu hivyo. Boda moja abiria mmoja, na helmeti kichwani. Mimi nimefanya kazi wodi ya majeruhi, najua kinacholetwa pale usiku. Kodini gari dogo, au pandeni teksi ya kawaida, mkae kiti kimoja.

Kijana_Eldy
Mama, na foleni ya Kampala? Ukipanda gari utaona barabara ya Jinja tu wikendi yote.

Muuguzi_Mstaafu
Utaiona ukiwa na miguu yote miwili.

Fundi_Umeme
Simu nazo zigawanywe. Kila mtu na yake, kwenye mfuko wa ndani wenye zipu.

Nyota_ya_Ziwa
Hapana, mwanamke asibebe simu kule paki na soko la Owino, watamvutia mkoba. Abebe mume.

Fundi_Umeme
Dada, kisa ulichokisoma kimetokea kwa sababu simu alibeba mume!

Nyota_ya_Ziwa
Kimetokea kwa sababu ya lori.

Msafiri_TZ
Mimi naona shida ni Kiswahili. Kampala ongea Kiingereza, Kiswahili wanakukimbia kama hao vijana wawili walivyomkimbia Mama Kitale.

Mzee_wa_Jinja
Ndugu Msafiri, ngoja nikueleze mimi niliyezaliwa huku. Kiswahili Buganda kilikuja na bunduki. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu ukoloni, na miaka ya Amin mtu akigongewa mlango usiku, aliyegonga alizungumza Kiswahili. Mtu aliyekulia hapo usimlaumu akinyamaza. Sasa mambo yanabadilika: mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikikubali kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na vijana wa bodaboda wengi wanakisikia. Anza na "ssebo" kwa mwanaume, "nnyabo" kwa mwanamke, malizia na "webale". Ukisalimia kwanza, mlango unafunguka. Na dada Kitale, ukirudi sema "Masiro" tangu mwanzo, kila boda anapajua.

Msafiri_TZ
Asante mzee wangu, hilo la Amin nilikuwa sijaliweka pamoja.

Mtu_wa_Mmengo
Kwa kuwa Kasubi imetajwa, msiende kama mnakwenda kupiga picha ya nyasi. Mle wamelala Makabaka wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Muteesa wa Pili. Nyumba iliungua usiku wa 16 Machi 2010. Watu walilia barabarani, mimi mmojawapo. Imejengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mkiingia inueni macho mtazame pete za dari, zinawakilisha koo 52 za Buganda, na lile pazia la nguo za magome ya mtuba. Mwanamke avae sketi ndefu au gauni. Suruali aiache hotelini.

Halafu Lubiri, yule bwana aliyetajwa na mwalimu alikuwa sahihi kuitaka. Jeshi la Milton Obote, kiongozi wa nchi wakati huo, likiongozwa na Idi Amin, liliishambulia tarehe 24 Mei 1966. Kabaka akatoroka, akafia London 1969. Ndani ya ua kuna handaki la zege ambamo watu waliteswa enzi za Amin. Vyumba viko juu ya maji, na maji yalitiwa umeme. Kuta bado zina maandishi ya waliofungiwa humo.

Nyota_ya_Ziwa
Pale ndipo safari yetu ilipotaka kuharibika. Mume wangu alitoka kimya hakula mchana. Msipeleke mwenzi hapo siku ya kwanza.

Mtu_wa_Mmengo
Mimi nasema apelekwe siku ya kwanza. Usipoijua hiyo, Kampala hujaiona.

Dada_Siaya
Kwa wenye imani, Namugongo. Tulikwenda na mume wangu kuhiji 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, waliouawa kwa ajili ya imani yao, tumelala uwanjani kwenye mikeka na Wakenya, Watanzania, Wakongo. Kulikuwa na wazee waliotembea kwa miguu kutoka mbali, nyayo zimepasuka, wanaimba. Mashahidi wale 22 wa Kikatoliki walitangazwa watakatifu 1964. Ndoa yetu ilikuwa na mgogoro mkubwa kabla ya safari ile. Hatukuzungumzia mgogoro hata mara moja pale, lakini tulirudi tukiwa watu wengine.

Kijana_Eldy
Juni 3 mimi siwezi, ule umati! Na chakula je? Hakuna anayesema chakula.

Bukoba_Kwetu
Asubuhi rolekisi ya barabarani, chapati moto na mayai, nyanya na kabichi ndani. Mchana luwombo, nyama iliyopikwa kwenye jani la ndizi, na matoke. Usikubali ya kupashwa. Jani likifunguliwa mezani lazima moshi utoke na harufu ya karanga ikufikie.

Mzee_wa_Jinja
Na mkitoka huko mje Jinja, ni kilomita 80 tu. Mtumbwi unawapeleka pale Nile inapotoka ziwani, na pana sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake yalimwagwa hapo 1948.

Fundi_Umeme
Mzee, mada ni Kampala.

Mzee_wa_Jinja
Mto haujui mada, mwanangu. Kwa Mkenya wa Busia Jinja iko njiani, atapita tu.

Mwalimu_Busia
Ni kweli, iko njiani. Mama Kitale, pole sana. Mama watoto nimemsomea kisa chako, anauliza kama mlirudi tena Kampala.

Mama_Kitale
Tulirudi, mwalimu. Safari hiyo tulikwenda na gari la kukodi, tukapita sokoni Kasubi kwanza. Mama wa nakati tulimkuta mahali pale pale. Nilimpelekea unga wa mahindi wa kwetu na vikombe, akaninunulia nanasi, tukapiga kelele za furaha mpaka watu wakasimama. Mzee mlinzi tuliambiwa amehamia kwao kaskazini. Anayemfahamu mlinzi mwanajeshi wa zamani aliyekuwa dukani Kasubi, aniandikie faraghani.

Msafiri_TZ
Jumapili jioni tunafanya nini? Mke wangu anapenda ngoma.

Mtu_wa_Mmengo
Ukumbi wa Ndere, Ntinda. Ngoma za makabila mengi, kuanzia Acholi mpaka Bakiga, wanawake wanacheza na vyungu vimepangana kichwani. Fikeni mapema mpate meza za mbele, na msipange basi la usiku ule ule. Onyesho linachelewa kuisha.

Kijana_Eldy
Mimi ningepanga basi la usiku. Unalala njiani, unaamkia nyumbani.

Muuguzi_Mstaafu
Kijana, wewe tena?