Bilioni za ndege na usalama wa viwanja vya pembezoni: mbunge ana uwezo gani hasa?

Mkazi wa Kashai

Waungwana, naomba kueleweshwa. Kila Aprili ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) inapowasilishwa bungeni, wabunge huinuka mmoja baada ya mwingine kuisema ATCL, kampuni ya ndege ya Serikali. Kwa mwaka wa fedha 2023/24 hasara ilikuwa shilingi bilioni 91.8, kutoka bilioni 56.64 mwaka uliotangulia, tena baada ya kampuni kupokea ruzuku ya Serikali. Tunaambiwa fedha hizo zingejenga zahanati ngapi, meza zinapigwa, kisha wiki chache baadaye bajeti ya Wizara ya Uchukuzi inapita bila kuguswa.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 nilisimama ufukweni nikitazama mkia wa ndege ya Precision Air, iliyoanguka Ziwa Victoria, uliochomoza majini na wavuvi wakiufuata kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa na 19 wakafa, mahali ambapo mtu wa nchi kavu aliweza kuona kila kitu. Kwa nini mbunge asisimame akasema: punguzeni bilioni kadhaa kwenye ndege, mzipeleke kwenye boti na vikosi vya uokoaji vya viwanja vya ndege kama chetu? Hawezi, au hataki?

Karani Mstaafu

Ndugu yangu, nusu ya unayoyaomba haiwezekani. Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa kwa pendekezo la Rais linaloletwa na Waziri. Kiasi kilichopendekezwa mbunge anaweza kukipunguza, lakini kukiongeza hawezi. Kwa hiyo anaweza kukata fedha za ndege, ila hana mkono wa kuzihamishia Bukoba.

Kinachobaki ni kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kutoa hoja ya kuuondoa shilingi moja ili Waziri alazimike kutoa maelezo. Nimeandaa majedwali ya makadirio kwa miaka mingi na nimeliona jambo hili kwa karibu: mbunge anashika shilingi kwa hasira, Waziri anaahidi kulifanyia kazi, mbunge anairudisha, na mara nyingi ahadi hiyo haina kifungu wala kiasi. Muda ukiisha inaingia gilotini, Katibu anasoma vifungu mfululizo na hoja zilizosalia hazisikilizwi tena. Mwishoni mwa Juni wabunge huitwa majina mmoja mmoja kuipigia kura bajeti nzima, na Ibara ya 90 inampa Rais mamlaka ya kulivunja Bunge likiikataa. Sijui ni wangapi wangehatarisha kiti kwa ajili ya boti moja ya uokoaji.

Fundi wa Hangani

Naongeza jambo ambalo wachangiaji wa bungeni hulipita haraka. Ndege hizi hazikununuliwa na ATCL: Serikali ndiyo iliyozinunua, zikawa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, na kampuni ikawa inazikodi. Fedha za ununuzi na hasara ya kampuni ni vitu viwili, ingawa vinasemwa kwa pumzi moja. Mbunge akiipigia kelele hasara ya bilioni 91.8, bado hajagusa uamuzi wa kununua.

Na hasara yote si uzembe. Airbus A220 zetu zina injini za PW1500G, ambazo zimesumbua mashirika mengi duniani, na ndege ikikaa chini ikisubiri injini haiuzi tiketi hata moja, wakati bima na mishahara ya marubani inaendelea kulipwa. Hilo halimwondolei lawama aliyepanga ratiba bila ndege ya akiba.

Mama wa Mpanda

Mnaotaka ndege zipunguzwe mkumbuke kwamba sisi wa Katavi tusipopata ndege ya ATCL tunakwenda Dar es Salaam kwa basi, safari ya zaidi ya siku nzima. Kampuni binafsi haiji huku kwa sababu haioni faida. Mimi naiona ruzuku hiyo kama ruzuku ya barabara, ilimradi waiandike waziwazi hivyo badala ya kutuahidi faida kila mwaka.

Mkazi wa Kashai

Mama, nimekuelewa, na wala sitaki ndege yako iondolewe. Karani, kama Mei na Juni mlango umeshafungwa, unafunguliwa lini?

Karani Mstaafu

Novemba. Katika mkutano huo Bunge hujadili mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo na mwongozo wa maandalizi ya bajeti ya mwaka unaofuata, wakati Hazina haijagawa ukomo wa matumizi kwa wizara. Kikiandikwa humo kwamba uokoaji katika viwanja vya kando ya ziwa ni kipaumbele, wizara huwa na msingi wa kukitafutia fungu. Baada ya hapo, Machi, kamati za kisekta hupitia makadirio, na Kamati ya Bajeti bado ina nafasi ya kujadiliana na Serikali kabla vitabu havijafungwa. Kwenye mijadala ya Novemba viti vingi huwa vitupu na waandishi ni wachache. Taarifa Rasmi za Majadiliano zimewekwa kwenye tovuti ya Bunge. Fungua za Novemba na utafute jina la mbunge wako.

Mkazi wa Kashai

Nimeanza na za 2023. Nitarudi kuwaambia nilichokikuta.