Mama ana miaka 68 na goti bovu, anataka kupanda Mlima Sinai usiku. Naombeni ushauri

Kitindamimba wa Katarina

Wakuu, habari za jioni. Sijawahi kufungua uzi humu, mnivumilie.

Mama yangu anaitwa Katarina, jina la ubatizo. Tangu tukiwa wadogo anatuambia somo wake amelala jangwani, chini ya mlima wa Musa, na kwamba hafi kabla hajaenda kumsalimia. Mwaka huu parokia imeandaa hija ya Misri na Nchi Takatifu, na humo kuna siku mbili za Monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai. Mama kauza mahindi, akachangiwa na wenzake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akalipa awamu ya kwanza ndipo akatuambia.

Shida ni ratiba. Imeandikwa saa saba usiku kuanza kupanda mlima, kuwahi jua likichomoza. Goti lake la kulia limekwisha, na ana presha. Dada yangu anataka tumzuie safari yote. Kaka anasema ngamia wapo, acheni woga. Mama mwenyewe akisikia tunabishana anajibu kitu kimoja tu: "Musa alikuwa na miaka themanini alipokwenda kwa Farao." Nimefungua Kutoka 7, kweli ipo.

Aliyewahi kufika anisaidie. Nimruhusu?

Kobe Mpole

Hiyo hoja ya Musa haina jibu mkuu. Mkubali yaishe.

Nesi wa Zamu

Kimo siyo tatizo, kilele ni mita 2,285, huko kwetu nyanda za juu za Kitulo kuna watu wanaishi juu zaidi ya hapo. Tatizo ni kushuka. Wengi hujipima kwa kupanda, halafu goti linakataa wakati wa kurudi, na pale hakuna gari la kumfuata. Apimwe presha kabla ya safari, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye begi kubwa. Na baridi! Desemba mpaka Februari usiku unaweza kushuka chini ya sifuri. Watu wakisikia jangwa wanabeba kanga mbili na ndala.

Mguu Niponye

Nilikwenda 2018, nikiwa na miaka 41 na magoti mazima, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Hilo la ngamia kaka yako kasema nusu. Njia ya ngamia ipo, ni ndefu na siyo kali sana, na Wabedui wenye ngamia utawakuta gizani wanaita "kameli, kameli". Lakini ngamia hafiki kileleni. Anakuacha penye vibanda vya chai, kutoka hapo kuna vidato 750 vya mawe, kila mtu kwa miguu yake. Vingine vinafika karibu na goti. Kuna njia nyingine ya vidato tupu, zaidi ya 3,000, wanasema ilijengwa na mmonaki, yaani mtawa wa pale, kama malipizi. Hiyo hata usimtajie mama.

Halafu ngamia akiinuka anatanguliza miguu ya nyuma. Unarushwa mbele kama unaangukia shingo yake, kisha unarudishwa nyuma. Kuna mama mmoja kundini kwetu aliachia ukelele, mwenye ngamia akacheka hadi akakaa chini. Saa moja na nusu juu ya tandiko lile, nyonga zinajua.

Nikwambie ukweli, kilichonigusa mimi hakikuwa kileleni. Kule tulikuwa tumebanana na watalii, simu zinawaka, nimejifunika blanketi la kukodi linalonuka moshi. Chini ndiyo kwenyewe. Ukuta wa monasteri umejengwa na Kaisari Justiniano karne ya 6, na sala haijakatika mpaka leo. Kuna ikoni, picha takatifu, ya Kristo ya wakati huohuo, nusu ya uso ni mpole na nusu ni mkali, funika upande mmoja kwa kiganja utaona. Kuna msikiti mdogo humohumo ndani, jirani na kanisa. Na kile kichaka cha Musa, kilichowaka moto bila kuteketea, kipo, kinaning'inia ukutani kijani kabisa. Pembeni yake nilikuta wameweka mtungi wa kuzimia moto. Sijui nani alifikiria, ila nilicheka peke yangu.

Musa aliambiwa avue viatu akiwa pale chini, kabla hajapanda popote. Mwambie mama hilo.

Nipo Cairo

Nasoma huku. Mambo matatu ya haraka.

Monasteri inafungua kwa wageni asubuhi tu, kuanzia saa tatu hadi karibu na saa sita, na Ijumaa na Jumapili hawapokei wageni. Sikukuu zao pia. Kundi moja kutoka nyumbani waliletwa Ijumaa na wakala wao, wakaangalia ukuta kwa nje, wakapiga picha, wakaondoka. Kagueni tarehe kwenye ratiba leo.

Kutoka Cairo ni siku nzima barabarani, vizuizi vya ukaguzi ni vingi. Pasipoti akae nayo mwilini. Kadi ya homa ya manjano asiisahau.

Sinai ikishindikana, Wadi Natrun iko kama kilomita 100 tu kutoka Cairo. Monasteri nne za Wakopti, Wakristo wa asili wa Misri, za tangu karne ya 4, tambarare tupu, goti halihusiki.

Muorthodoksi wa Nyeri

Niongeze kidogo. Hapo ni kwa Wagiriki Waorthodoksi, kwa hivyo mama asitarajie Komunyo. Padri wenu atawasomea Misa hotelini. Lakini masalia ya Mtakatifu Katarina yako ndani ya kanisa, upande wa altare, kwenye sanduku la marmari. Hayafunguliwi kwa kila mtalii. Padri wenu aandike mapema, aseme ni mahujaji. Wakikubali, mnapita mmoja mmoja kuheshimu, na mmonaki anakupa pete ndogo yenye jina la mtakatifu kwa Kigiriki.

Kitindamimba wa Katarina

Asanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote, hata la ngamia. Alinyamaza muda mrefu. Dada alikuwa kwenye simu, naye akanyamaza.

Nimeongea na paroko pia: siku ya Sinai kwenye ratiba ilikuwa Ijumaa. Wanabadilisha.

Mama anauliza swali moja tu, nimelileta kama alivyolisema. Hiyo pete, asiyepanda mlima naye anapewa?

Muorthodoksi wa Nyeri

Anapewa. Mimi sikupanda, na ninayo kidoleni nikiandika hapa. Haina thamani yoyote sokoni. Mwambie achukue na ya dada.